Kilio Alichofichwa Faila

Moussa alizikwa Kabambare siku ya Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri, na kabla udongo wa kaburi haujakauka baba yake, Mzee Amuri, aliwakusanya watu wa nyumba akawaambia neno moja tu: Faila asijue.

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Katika familia za pale, mtoto aliyekaribia mtihani wa Serikali haambiwi msiba. Watu watakaa matanga, watalia mpaka sauti zikauke, lakini yeye akipiga simu ataambiwa kila mtu ni mzima na mihogo imeota vizuri. Kilio chake huwekwa pembeni. Siku atakaporudi, wanawake husimama tena uani na kukifufua kilio upya kama vile marehemu amekata roho asubuhi ile. Ndivyo walivyofanyiwa wengine, na ndivyo atakavyofanyiwa Faila.

Faila alikuwa binti wa mwisho wa Mzee Amuri. Alikuwa mjini Kasongo kwa mjomba wake, finalisti wa kemia na biolojia, yaani mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, kwa sababu shule ya Kabambare aliyokuwa akifundisha Moussa haikuwa na kalasi ya sita. Fizikia na kemia yote aliyoijua alikuwa amelishwa na kaka yake huyo. Na hata alipohamia Kasongo hakuacha kulishwa. Kila alasiri alituma maswali yake kwa simu, na Moussa akamjibu kwa sauti, zile jumbe ambazo watoto wa shule huziita vokali.

Mtandao wa pale nyumbani ulikuwa na maringo. Jumbe ziliingia hata chumbani, lakini wa kutuma sauti ulipatikana mahali pamoja tu, nyuma ya jiko, ukutani mwa choo. Moussa alisimama hapo na simu yake juu, akieleza habari za asidi na besi huku akifukuza nzi kwa mkono wa pili. Majirani walimcheka. "Mwalimu, leo choo kimefaulu?" Naye aliwajibu, "Choo kinafaulu. Wewe ndiye unarudia kalasi."

Aicha, mkewe, alikuwa akimsikia kutoka jikoni. Ndoa yao ilikuwa changa, hata mtoto walikuwa bado hawajapata.

Kisha ikaja homa, tumbo likawa gumu kama ubao. Walimpakia kwenye pikipiki, dereva mbele, Moussa katikati, na Nathanaël, mwalimu mwenzake wa hesabu, nyuma akimshikilia ili wamfikishe hospitali Kasongo. Mvua zilikuwa zimeila njia. Hawakufika hata nusu. Nathanaël alisema baadaye kwamba kichwa cha Moussa kilimlalia begani, akadhani hatimaye amepata usingizi. Waligeuza pikipiki pale pale, na Faila, aliyekuwa Kasongo akihangaika na vitabu, hakujua kwamba kaka yake alikuwa njiani kuelekea kwake.

Aicha akaingia eda. Alikaa chumbani kwenye mkeka, hatoki mbele ya wanaume, haendi sokoni, haendi kisimani. Simu ya marehemu aliifunga kwenye ncha ya kikwembe, kitenge alichojifunga kiunoni. Haikuwa imetulia hata wiki moja ikalia.

"Kaka, salaam aleikum. Uko? Ile mole inanitesa. Mwalimu wa huku amepita juu-juu kama mutu anakimbia mvua. Devoir iko ya kesho, lazima niipeleke kwa mwalimu. Nisaidie."

Aicha alimpelekea baba mkwe simu ile kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kaa la moto. Mzee Amuri alisikiliza ujumbe hadi mwisho, akageuza uso ukutani.

"Mujibu," alisema.

"Baba, mimi kemia naijua wapi?"

"Simu imejaa sauti yake. Tafuta humo. Si aliwafundisha wengine kabla ya huyu?"

Ilikuwa kweli. Moussa hakuwa mtu wa kufuta kitu. Kila alichowaeleza wanafunzi wa miaka iliyopita kilikuwa bado mle ndani. Alasiri ile Aicha alikwenda nyuma ya jiko, akasimama pale ukutani, akaanza kumsikiliza mume wake.

"Sikiliza, mwanafunzi. Mole si mnyama. Mole ni bakuli. Mama anayeuza mchele sokoni hahesabu punje. Anajaza bakuli, anasawazisha juu kwa kiganja, basi. Wenye kemia nao waliona chembe ni nyingi mno, wakajitengenezea bakuli lao. Ukisikia mole, ona bakuli."

Aicha aliiacha imalizike. Halafu akaituma Kasongo.

Jibu lilirudi upesi. "Kaka, mbona hii imeandikwa imetumwa kutoka kwa mutu mwingine? Unanilisha kiporo?"

Aicha aliandika: "Koo inaniuma. Ile ya zamani inatosha."

"Haya, mwalimu. Kunywa maji ya moto na tangawizi. Mwambie wifi Aicha akupikie, asikae bure."

Basi ikawa ndiyo kazi ya mjane. Swali likija, anaamka mkekani, anakwenda kutafuta. Alisikiliza vokali moja baada ya nyingine mpaka aipate inayofaa, maana hakujua kuchagua kwa majina. Wanawake waliokuja kumpa pole walimkuta ameegemea ukuta wa choo, simu sikioni, wakaambizana kwamba afadhali yeye, bado anasikia sauti ya mume wake. Hawakujua jambo lenyewe lilivyo. Mjane mwingine husikia sauti ya mumewe akalia. Aicha alikuwa hana nafasi ya kulia. Alitakiwa kusikiliza kama karani, hapa anasema chumvi, hapa anasema gesi, hii siyo, hii ndiyo. Na kila alipomaliza alirudi mkekani akiwa mkavu.

Siku moja aliingia kwenye vokali ya habari ya jiwe linaloanguka, na katikati ya maelezo akasikia sauti ya mwanamke kwa mbali: "Moussa, ugali unapoa!" Na Moussa anacheka, "Ngoja kidogo, Aicha, kuna jiwe liko hewani hapa, likifika chini nakuja." Aicha aliisimamisha. Ile hakuituma. Alimwandikia Faila kwamba habari ya mawe aitafute kitabuni.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka likaja swali lisilo na vokali. Lilikuwa kazi ya nyumbani kutoka shule ya Kasongo, yenye namba. Kuna kiasi hiki cha asidi ya sulfuriki. Je, itahitaji kiasi gani cha soda kali, ile ya mafundi wa sabuni, ili ukali wake uishe kabisa? Aicha alitafuta mpaka betri ikakaribia kufa. Akamwita Nathanaël.

Nathanaël alisimama mlangoni, akiuheshimu mkeka wa eda, Aicha akamsomea swali kutoka ndani.

"Shemeji, hii ni hesabu tu," alisema. "Kuzidisha na kugawanya. Iache kwangu."

Akaifanya juu ya goti lake, Aicha akaiandika kwenye simu neno kwa neno na kuituma.

Kesho yake alasiri Faila hakuandika. Alituma vokali, na Aicha akamsikia akicheka kicheko kisichokuwa na furaha.

"Kaka, leo wamenimaliza. Mwalimu amenipandisha ubaoni, nikaandika hesabu yako kwa mbwembwe zote. Zero! Kalasi nzima imenicheka. Carine ananiita 'dada ya profesa'. Kaka, ni wewe uliniambia asidi ya sulfuriki ni bwana wa wake wawili, usimuletee sahani moja ya soda, atakataa kula. Wewe mwenyewe! Tangu kalasi ya nne unaniimbia wake wawili, wake wawili. Leo umemuletea sahani moja, mole moja ya soda badala ya mbili. Unasahauje hiyo?" Kwa nyuma zilisikika pikipiki za mjini. "Koo gani hiyo haiponi, Kaka? Mimi leo sitaki kemia. Ita jina langu tu. Sema 'Faila', halafu ukalale."

Aicha alirudia kuisikiliza, kisha akaenda kwa baba mkwe.

Mzee Amuri alikuwa uani akinoa jembe. Alimsikiliza bila kuinua kichwa.

"Baba, anashuku. Tumwambie. Afadhali asikie kwetu."

"Mtihani ni wiki ijayo."

"Najua, Baba."

"Hujui." Aliweka jembe chini. "Moussa ameacha nini, wewe? Hakuacha nyumba ya bati. Hakuacha mtoto. Ile mishahara ya mwalimu unaijua. Ameacha Faila. Kila kitu alichokuwa nacho kichwani amekimimina kwa Faila, kikombe kwa kikombe, miaka yote hii. Akifeli mtoto huyu, Moussa amekufa mara ya pili, na mara hii sisi ndio tumemuua. Umenisikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Basi mwambie koo bado."

Akaliinua jembe, akaendelea kunoa. Kila jioni alipanda mwenyewe hadi barazani kwa jirani mwenye mtandao, akampigia Faila simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoka harusini. Moussa ameenda shamba. Moussa ameenda kuangalia mitego ya samaki mtoni Luama. Moussa anakusalimia sana. Akishakata simu alirudi nyumbani bila kuzungumza na mtu.

Siku iliyofuata ujumbe ulikuwa na neno moja. "Kaka." Baada ya muda, tena, "Kaka." Alasiri ikapita. Aicha alikuwa mkekani, simu tumboni ndani ya kikwembe, na kila ilipotikisika alihisi kama kitu hai kinapiga teke. Mara ya nne hakuweza kuvumilia. Alitoka, akasimama nyuma ya jiko, akabonyeza pale alipokuwa akibonyeza Moussa, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akasikia sauti yake mwenyewe ikienda Kasongo.

"Faila, ni mimi, Aicha. Kaka yako hayuko. Alikufa kwa ugonjwa wa tumbo, njiani, tulikuwa tunamleta huko. Nimekudanganya. Zile vokali ni za zamani, mimi nilikuwa natafuta. Baba alisema usijue mpaka umalize. Alifikiri mema. Unisamehe, dada. Ungeita mpaka lini?"

Alama zikageuka bluu. Amesikiliza. Aicha alibaki amesimama palepale, na jua likazunguka ukuta likampata usoni. Alijiuliza amefanya nini. Aliona mtoto ameanguka sakafuni, mjomba anakimbia, vitabu vinatupwa, na Mzee Amuri anasimama kumwangalia yeye Aicha bila neno.

Kwanza ilikuja vokali isiyo na maneno. Muadhini wa Kasongo akiita magharibi, kengele ya baiskeli, na pumzi ya mtu. Kisha maandishi, moja moja.

"Lini?"

Aicha alimwambia.

"Mumemulaza wapi?"

Alimwambia na hilo pia, karibu na babu, upande wa michikichi.

"Ile hesabu ya asidi nani alifanya?"

"Nathanaël."

"Nilijua ni Mukristo. Wao bibi ni mmoja."

Aicha alijikuta ametoa kicheko kifupi, kikamuumiza kifuani kama kwikwi.

"Wifi," Faila aliandika, "usimwambie Baba kama najua. Akinipigia jioni anajikaza kufurahi, mpaka anaishiwa pumzi. Nikilia atajilaumu. Nitamuitikia. Na hapa kwa mjomba kila siku wananipa kipande kikubwa cha samaki, mjomba mwenyewe anakula mufupa. Nilifikiri ni sababu ya mtihani tu. Kumbe nyumba nzima inajua. Basi nitakula."

Halafu akaandika, "Kesho nitakuuliza habari ya umeme na resistansi. Iko ndani ya simu? Tafuta, wifi. Nitumie tu."

Aicha aliitafuta. Ilikuwemo.

"Resistansi ni matope ya njia ya Kasongo," alisema Moussa mle ndani, kwa furaha yake ileile. "Pikipiki ni zile zile, dereva ni yule yule, nguvu ya injini ni ile ile. Lakini matope yakizidi, zinazofika ni chache. Umeelewa? Usilaumu dereva. Pima matope."

Mjane alikaa chini, mgongo ukutani, mpaka aliposikia mama mkwe akimwita. Kisha akaituma. Jibu la Faila lilikuwa neno moja, "Nimeelewa." Hakuuliza tena kitu mpaka mtihani.

Siku za mtihani Mzee Amuri hakwenda shamba. Alikaa na tasbihi, na kila jioni alipiga simu. "Leo ilikuwaje, mama?" "Ilikuwa sawa, Baba." "Kemia?" "Kemia ilinijua." Alicheka kwa nguvu, naye Faila kule alicheka. Aicha, mkekani, alimsikia mzee akirudi na kumwambia mkewe, "Mutoto iko na moyo mwepesi kama ndege. Tulifanya vizuri." Aicha aliinama, akajifanya anafumua nywele.

Baada ya karatasi ya mwisho mjomba alimketisha Faila chini, akamwambia kama inavyotakiwa, na asubuhi yake akampandisha pikipiki.

Kabambare walikuwa tayari. Mkeka umetandikwa uani, shangazi wamekuja kutoka vijiji vya karibu, mikaja imefungwa viunoni. Pikipiki iliposikika ikipanda mlima, mama yake Faila alianza, na wengine wakamfuata, mikono kichwani, kilio kikajaa uwanja mpaka barabarani. "Moussa we! Faila amekuja, Moussa, toka umupokee!"

Faila alishuka. Vumbi jekundu lilikuwa limempaka mpaka kope. Alimpa Mzee Amuri mkono kwa kupiga goti, akamkumbatia mama yake, akasimama katikati ya wanawake waliokuwa wakijitupa chini. Macho yake yalikuwa makavu. Si kwamba alijizuia. Yalikuwa makavu tu, kama ya mtu aliyeamshwa ghafla na hajui yuko nyumba gani. Wanawake waliendelea. Kilio kile kilikuwa chake, alitakiwa aingie ndani yake, waangukiane. Hakuingia. Sauti moja ikapungua, nyingine ikafuata, mpaka ukabaki uwanja na kuku.

"Kumbe ndivyo," alisema shangazi mkubwa, akifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Vitabu vimemukausha huyu."

"Kaka aliyemufundisha kusoma," akaongeza mwingine kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia. "Hata tone moja! Angekuwa mbuzi amekufa angeuliza."

Mzee Amuri alimtazama binti yake kwa mshangao, na mshangao ukaanza kugeuka kitu kibaya zaidi. "Faila," alisema, "huna la kusema juu ya kaka yako?"

Faila alitazama mlango wa chumba cha eda, mara moja tu, akatazama chini.

Aicha aliona kwamba atanyamaza. Atakubali aitwe vyovyote watakavyomwita, leo na miaka yote, ili jina la wifi yake lisitajwe. Akainuka. Akatoka mpaka mlangoni, mbele ya wanaume wote waliokuwa wamekaa kwenye viti vya msiba, naye bado hajamaliza eda.

"Baba, usimuhukumu. Alijua. Nilimwambia mimi."

Mtu mmoja alisema "Astaghfirullah." Mzee Amuri hakugeuka upesi.

"Ulimwambia lini?"

"Kabla ya mtihani."

"Kabla ya karatasi ya kwanza?"

"Kabla ya zote, Baba."

Mzee alimgeukia Faila. "Kwa hiyo nilipokupigia nikasema Moussa ameenda Luama kwenye mitego..."

"Ndiyo, Baba."

"Ukaniuliza kama samaki wapo."

"Ndiyo."

"Ukacheka."

"Nilicheka, Baba."

Mzee Amuri alitafuta kiti kwa mkono nyuma yake, hakukipata, akakaa chini palipokuwa na mkeka wa wanawake. "Na kulia ulilia wapi?"

"Sikulia. Kwa mjomba tunalala wengi chumba kimoja. Shuleni wangeuliza. Na mjomba alikuwa ananiangalia kila nikila, nikiacha chakula anaogopa." Alizungumza taratibu, kama anajibu swali la ubaoni. "Nikasema nikifika nyumbani."

Mzee aliivua kofia yake, akaishikilia usoni kwa mikono miwili, na mabega yakaanza kutikisika. Siku ya mazishi hakuna aliyemwona hivyo. Shangazi walitazamana. Mmoja alianza kuinua sauti tena, akaona haifai, akanyamaza.

Aicha alishuka kizingiti, akamshika Faila mkono, akamwingiza chumbani, akamsogezea nafasi mkekani. Walikaa bega kwa bega. Nje mzee alikuwa bado analia, na hakuna mtu aliyembembeleza.

"Lia sasa, dada," Aicha alinong'ona. "Umefika."

Faila alitikisa kichwa. Alikuwa akiziangalia nyayo zake zenye vumbi.

"Machozi nimeyatafuta njia nzima, wifi," alisema. "Hayako."